Kebo ya Pili na Tawi la Isale

Acheni vizibo kwanza, ninyi wa drafti, mchezo wenu hautakimbia. Na wewe uliyekuja kununua plagi, kaa hapo kwenye tairi, plagi nitakupa nikimaliza. Nina kesi ya watu watatu imenishinda. Nataka anihukumu mtu asiyenijua sana, maana wanaonijua wameshachoka na mimi.

Watu watatu, na kila mmoja Mungu kampa chake.

Wa kwanza ni Fundi Shebughe, Msambaa wa Lushoto, mwenye gereji pale Pasua, Moshi. Huyu kajaliwa sikio. Unawasha gari, yeye kafumba macho, anakwambia, "Silinda ya tatu hiyo," ukifungua unakuta ni ya tatu kweli. Watu wanatoka Arusha kumletea magari ayasikilize tu. Tangu nimjue sijawahi kumsikia akisema, "Hapa nilikosea."

Wa pili ni Dada Nakiete, Mpare wa Usangi. Ana mashine ya kuchonga vyuma, ukuta mmoja na gereji. Huyu kajaliwa mkono. Mpelekee bolti iliyokatika, kesho anakupa nyingine na huwezi kujua ipi imetoka kiwandani. Alipoanza, wanaume walimcheka. Siku hizi wanapanga foleni mlangoni kwake, na anayecheka ni yeye.

Wa tatu kajaliwa mdomo. Hana sikio, hana mkono, lakini spea yoyote unayoitafuta, hata ya gari lililoacha kutengenezwa kabla hujazaliwa, atapiga simu tatu, atamsifu huyu, atamwita yule mjomba, na spea itafika. Anaitwa Kisaka. Ndiyo, ni mimi. Mnatazamana nini? Ningekuwa sina haya ningesema ni jirani yangu.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe.

Mzee Kalisti wa Uru ana gari moja jekundu, la michezo, milango miwili, otomatiki, la zamani. Siku alipooa, ndilo lililomleta mkewe kanisani. Mke alifariki, gari likabaki bandani limefunikwa turubai. Binti yao, Tekla, alipochumbiwa, aliomba kitu kimoja tu: aende kanisani kwa gari la mama.

Tekla ana kaka, Apolinari, sisi tunamwita Poli. Miaka sita kabla ya hapo Poli alilipindua pikapu la baba yake, limejaa ndizi, kwa mbio za kijinga kabisa. Hakufa mtu. Lakini mzee alitamka mbele ya ukoo mzima: "Huyu hatashika tena usukani wa kitu changu." Na kweli hakushika, miaka sita. Poli ni mtu anayependa magari kuliko chakula, lakini kwa baba yake alikuwa akija kwa miguu na kuondoka kwa miguu.

Harusi ilipokaribia, Tekla alimwendea baba yake. "Baba, dereva wangu ni Poli. Usipotaka, nitapanda mlima kwa miguu na shela yangu."

Mzee Kalisti alikaa siku nne bila kujibu. Siku ya tano akasema, "Mara moja."

Poli alikuja gerejini kutuambia. Machozi yalikuwa bado yanamtoka, mtu mzima wa miaka thelathini na tatu. "Wakuu," alisema, "baba amenipa ufunguo. Mkononi, siyo kwa kutumiwa mtu. Nisaidieni gari lisiniaibishe kwenye kile kilima cha kanisani. Limekuwa zito, nataka lipande bila mimi kukanyaga sana."

Tukakaa sisi watatu tukashauriana. Tukakubaliana tulifunge troto kubwa zaidi. Troto ni lile koo la kuingizia hewa kwenye injini. Likiwa pana, injini inavuta pumzi vizuri na gari linakuwa jepesi.

Hapa nataka mnielewe vizuri, kwa sababu kosa lote limekaa hapa. Kwenye otomatiki za zamani, troto inashikwa na kebo mbili. Ya kwanza inatoka kwenye mguu wa dereva, hiyo kila mtu anaijua. Ya pili inakwenda kwenye gia boksi, na kazi yake ni kuiambia gia boksi dereva kakanyaga kiasi gani, ili ibane kwa nguvu inayotakiwa. Kebo ya pili isipovutwa vya kutosha, gia boksi inadhani dereva anatembea tambarare. Inabana kilegevu, inateleza, na ikiteleza inaungua.

Nianze na mimi, msije mkasema nimejificha nyuma ya wenzangu. Nilipiga simu zangu tatu, nikapata troto Dar, mpya, inang'aa. Yule muuzaji, Mungu ambariki, aliniambia waziwazi: "Kaka, hii ni ya gari la gia za mkono. Haina mahali pa kebo ya pili." Nikamwambia nitumie tu. Ilipofika, Fundi Shebughe akaigeuzageuza akaniuliza, "Kisaka, hii ni ya otomatiki kweli? Mbona haina kikono cha kebo ya gia boksi?" Nikamjibu, "Ya otomatiki hiyo, fundi. Kikono kitakuwa kimedondoka njiani." Neno lilinitoka kabla sijalifikiria. Nilikuwa nimeshajisifu kwa Poli kwamba spea imepatikana, nikaona haya kusema nimepata isiyo yake. Ningesema ukweli, ingerudi Dar kesho yake. Nikanyamaza. Hilo la kwanza, liwekeni hapo.

Tukaipeleka kwa Dada Nakiete achonge kikono. Akachukua kile cha troto ya zamani, akakinakili, kazi safi kabisa, ungependa kukivaa shingoni. Akakifunga, akavuta, akapima. Kebo ya pili ikaja pungufu, upana wa kidole. Troto ile ilikuwa inazunguka tofauti na ya zamani, kwa hiyo kikono cha kunakili hakikutosha. Aliona kwa macho yake. Lakini kwenye ukuta wake kuna kibao ameandika kwa rangi: KAZI YANGU HAIRUDI. Na mlangoni walikuwa wamesimama wateja sita, wanaume watupu, wanamtazama. Akafuta mikono, akasema, "Tayari, chukueni." Angesema ukweli, kazi ya kurudia ilikuwa ya nusu saa. Akanyamaza. Hilo la pili.

Fundi Shebughe akafunga kila kitu, akaingia barabarani kulijaribu. Mzee Kalisti mwenyewe alikuwa amekuja siku hiyo, kavaa koti, kasimama getini. Shebughe alipokanyaga kwenye kile kiinuko cha reli, alisikia. Sisi hatukusikia kitu, ila yeye alisikia: injini ililia kwanza, ndipo gari likaenda. Kanafasi kadogo mno katikati, lakini sikio lile halipitwi. Aliporudi, mzee akampigia makofi, "Shebughe! Limekuwa kijana!" Watu wote gerejini wakacheka kwa furaha. Asubuhi ile alikuwa ameshatangaza gari limekamilika, na yeye huwa hakosei. Akamjibu mzee, "Limechangamka, mzee wangu." Angesema ukweli, kulikuwa na siku nne nzima za kulishughulikia. Akanyamaza. Hilo la tatu.

Jumamosi ya harusi ikafika, saa nne asubuhi, jua zuri. Mbele pikapu la matarumbeta, wanapuliza mpaka migomba inatikisika. Nyuma yake gari jekundu, Poli ndani ya suti, dada yake kando yake na shela imejaa mpaka kwenye kioo. Nyuma yao gari la Mzee Kalisti na wazee wenzake. Halafu sisi mafundi, tumealikwa, tumevaa tai.

Poli aliendesha kwa adabu ambayo sijaiona kwa dereva yeyote. Hakuipita hata baiskeli. Alikuwa anaikanyaga eksileta kama kakanyaga mguu wa mtoto. Dada Nakiete akasema, "Mwangalieni, jamani, anavyojikaza." Tukacheka. Shebughe hakucheka. Alikuwa ameteremsha kioo, kafumba macho.

Kona ya kwanza likapanda. Kona ya pili likapanda, ila Shebughe akasema, "Jamani..." kisha akaacha. Kona ya tatu injini ikapiga kelele kubwa na gari likasimama palepale. Likarudi nyuma hatua mbili. Moshi ukatoka chini, na ile harufu ya oili iliyoungua ambayo fundi akiipata hata usingizini anaijua ni gia boksi.

Matarumbeta yakakatika katikati ya wimbo. Tekla akatoka ndani ya moshi anakohoa, kashika shela kwa mikono miwili.

Mzee Kalisti alishuka garini taratibu sana. Msafara wote umesimama, watu wameshuka, majirani wametoka mashambani. Hakumgusa Poli. Hakupaza hata sauti.

"Mara moja tu, Apolinari," alisema. "Nimekuamini mara moja tu. Na gari la mama yako."

"Baba, sikukanyaga. Naapa sijakanyaga hata nusu."

"Kama lile pikapu, siyo? Nalo hukukanyaga."

Poli akageuka akatutafuta. Nikiyakumbuka macho yale natamani ardhi inimeze. Akasema, "Wakuu, ninyi mlikuwa nyuma yangu. Ninyi ni mafundi. Mwambieni baba, nimekanyaga kwa nguvu mimi?"

Watu wote wakatugeukia. Ilikuwa saa yetu hiyo, ndugu zangu. Kusema tu.

Fundi Shebughe akasema, "Magari ya zamani haya, mzee, hayana dhamana."

Dada Nakiete akasema, "Na kilima chenyewe ni kikali jamani."

Mimi, niliyejaliwa mdomo, nikasema, "Tuwahi kanisani kwanza, Padri anasubiri."

Mzee Kalisti akatikisa kichwa, akampa mgongo mwanawe. Tekla akapandishwa kwenye pikapu la matarumbeta, akakaa katikati ya wapigaji, shela imeshikwa na mtu wa ngoma. Hivyo ndivyo alivyofika kanisani kwake. Poli alibaki na gari. Kwenye misa hakuwepo, na kwenye sherehe jioni kiti chake kilikaa kitupu, MC akakipita bila kukitaja.

Jumatatu tuliifungua gia boksi. Pleti za ndani zilikuwa nyeusi tii, zimeungua sawasawa, kidogokidogo, za kuteleza tangu siku ile ya majaribio. Mguu wa dereva mmoja hauunguzi vile kwa asubuhi moja. Tukazitazama. Ndipo Nakiete akaanza kulia, akasema la upana wa kidole. Shebughe akasema alichokisikia pale kwenye reli. Mimi nikasema la muuzaji wa Dar. Tukajuana.

Mnadhani tulikwenda kumwambia mzee? Loo. Tulilitengeneza gari. Nikatafuta pleti, Nakiete akachonga kilichohitajika, Shebughe akafunga, tukairudisha na troto yake ya zamani na kebo zake zote mbili. Gari likapona kabisa. Mzee Kalisti alipokuja kulichukua akauliza, "Ilikuwa nini hasa?" Shebughe akasema, "Uzee." Nakiete akasema, "Joto." Mimi nikasema, "Mlima." Kila mtu neno lake moja. Mzee akaitikia, "Basi, na mguu wa yule," akaondoka.

Tekla alikuwa amemsindikiza baba yake siku hiyo. Yeye hakutoka haraka. Alisimama mbele ya rafu yetu, akaiona ile troto mpya imelala pale inang'aa. Akaishika. "Fundi," akasema, "kama gari liliuawa na mguu wa kaka yangu, mbona mmekirudisha kitu cha zamani?"

Shebughe akaanza kupanga spana zilizokwisha kupangwa. Akatuangalia mmoja mmoja, kama mwalimu anayesoma majina, kisha akakirudisha kitu rafuni na kwenda zake.

Mwishoni mwa Novemba alirudi peke yake. Mkononi ana tawi la isale. Wasio wa huku niwaeleze: kwa Wachaga, ukimkosea mtu kosa zito, unamwendea na isale. Ni yale majani marefu ya kijani wanayopanda kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya migomba ya nyumbani. Ukimpelekea mtu isale, hata kama alikuwa ameapa hatakusamehe, anakuwa na kazi kubwa sana kulikataa.

Akaliweka juu ya benchi la Shebughe, katikati ya spana.

"Poli yuko Babati," alisema. "Anafanya kazi duka la vifaa vya ujenzi. Hashiki usukani tena, hata wa toroli. Bosi wake alimwomba apeleke mzigo kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akakataa. Krismasi hii amesema haji nyumbani. Mnajua kwetu mtu asipokuja nyumbani Krismasi ina maana gani."

Tunajua. Wachaga wanatoka hata Mtwara, wanalala vituoni, ilimradi Krismasi iwakute kwao. Asiyekuja ni mgonjwa au ni marehemu au amekatika.

"Dada Tekla," nikasema, "tutakwenda. Tutakwenda wote watatu."

"Hapana." Akaniangalia nikainama. "Isale halibebwi na kikundi, shemeji. Mkienda watatu mtakuwa mmekwenda kusaidiana aibu. Mmoja atasema, mwingine atatazama chini, wa tatu atashika mfuko. Mliyafanya hayohayo pale kona ya tatu, nikiwaona. Aende mmoja, mwenye kosa. Aseme 'ni mimi', halafu amlete Poli nyumbani kwa mkono wake na arudie maneno hayo mbele ya baba."

"Kwa nini usimwambie mzee wewe mwenyewe?" Nakiete akamuuliza kwa upole.

"Nikisema mimi, baba atasema namtetea kaka yangu. Na Poli hataki kutetewa. Anataka aliyemchafua ajitaje."

Akaondoka. Nakiete akalichukua lile tawi asije mtu akalikalia, akalitia kwenye chupa tupu ya oili, akaweka maji.

Tangu siku hiyo ni ubishi. Shebughe ananiambia, "Ni wewe, Kisaka. Wewe ndiye mwanzo. Usingeleta uongo wako, Nakiete asingechonga kitu na mimi nisingesikia kitu." Nami namgeukia Nakiete: "Kilichoshindwa pale kilimani ni kikono chako. Uongo wangu ulikuwa maneno; chuma kilikuwa chako, na ulikipima ukaona." Nakiete naye anamrudia Shebughe: "Sisi wawili tulikosea gerejini. Wewe ulilisikia gari linaugua na ukampa mtu ampandishe dada yake ndani. Mlango wa mwisho ulikuwa wako." Tukifika hapo tunaanza upya.

Nimejaribu kuwapimia sawa. Kama kuna mahali nimejipendelea, niambieni, sitakasirika. Wiki iliyopita nilijiambia basi, nitakwenda mimi, yaishe. Nikaenda hadi stendi. Nikasimama mbele ya basi la Babati, kondakta akaniuliza, "Mzee, unapanda?" Nikawaza: kwa nini niwe mimi peke yangu wakati tulikuwa watatu? Nikarudi nyumbani kwa miguu. Na baadaye nikasikia kwa mke wa Shebughe kwamba mumewe naye alifika stendi siku mbili kabla yangu, akarudi. Nakiete hajasema kitu, lakini juzi niliona tiketi ya Babati imetumbukia kwenye vumbi la chuma chini ya mashine yake, haijachanwa. Mjue basi tuko watu wa namna gani.

Leo asubuhi nilipita gerejini. Ile chupa iko palepale kwenye benchi, na lile tawi limeota mizizi ndani ya maji, mizizi myeupe, imejaa mpaka chini. Shebughe alikuwa anaitazama. Nakiete alikuwa mlangoni anaitazama. Hatukusalimiana.

Krismasi ni Alhamisi. Basi la mwisho la kumwahi Poli linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi.

Haya, ninyi wa drafti, na wewe wa plagi. Mmesikia mdomo, mmesikia mkono, mmesikia sikio. Anayelichomoa lile tawi kwenye chupa kesho alfajiri ni nani? Na akiwa ni mimi, semeni sasa hivi, kwa sauti, kabla sijapata la kujibu.